Wazee wa Ngana Walipokuja Kuposa

Kwa maneno ya Veronika, jirani wa ukuta kwa ukuta, Catheline aliwaona wageni wakishuka kwenye bajaji, akajitupia kitenge begani, akatokea mlango wa nyuma mbio kuelekea ziwani. Wazee watatu kutoka Ngana, suti zimenyooshwa, wakakaa kwenye benchi la uani mpaka jua likawafuata kivulini. Jikoni hapakuwa na mbalaga, zile ndizi za kupikia wageni, wala maji ya kunawa hawakupewa. Binti amemkataa mtu mbele ya wajomba zake, Veronika aliwaambia wote waliopita na ndoo, na nyie mlidhani kifafa kinampunguzia maringo.

Ya benchi yalikuwa kweli. Ya kukimbia hayakuwa kweli. Catheline hakumwona mgeni hata mmoja. Alikuwa ameondoka Matema alfajiri kwenda sokoni Lyulilo kupokea vyungu mitumbwi inapotia nanga, simu kaiacha kwenye chaji. Mama yake alikuwa shambani kwenye mpunga, hana habari, kwa sababu aliyepewa siku ya posa na kuagizwa aipeleke nyumbani ni Catheline mwenyewe. Ilikuwa imemtoka kichwani yote, kama maji kwenye chungu chenye ufa.

Na sokoni hapohapo ndipo alipojuana na mwenye posa mwaka uliopita. Hezroni, mkulima wa kakao wa Ngana, shati la bluu limefungwa mpaka kifungo cha juu, aliinua chungu kikubwa akakigonga kwa kucha kama mtu anayejua.

"Kaka, hicho unampelekea nani?" Catheline alimchokoza. "Chungu cha ndizi hakinunuliwi na kapera."

"Nimeanza na chungu," akajibu. "Mpishi namtafuta."

Tangu siku hiyo simu haikupoa. Catheline alimwambia mapema kwamba ana kifafa, Hezroni akasema hata shangazi yake anacho na amelea watoto sita. Alichomficha ni kingine. Miaka miwili nyuma kifafa kilimshika ndani ya mtumbwi, akaanguka ziwani. Fahamu ziliporudi alikuwa ndani ya maji, na wapiga kasia wanamtazama, wanaogopa kwamba atakayegusa povu lake ataambukizwa. Hatimaye bibi mmoja alimsogezea kasia. Toka hapo, kasia likigonga mtumbwi moyo wake unaruka. Usingizi ukawa wa kuvizia, na mambo yakaanza kumponyoka: jina la mteja, sufuria motoni, siku. Watu walisema kifafa kimemla akili, naye alikuwa ameanza kuamini.

Jioni ile aliporudi akasikia ya Veronika, alikuta Hezroni amempigia mara saba. Alipiga yeye, haikupokelewa. Siku tisa haikupokelewa.

Siku ya kumi alikwenda Kyela kuchukua dawa zake, na nesi aitwaye Adela, mtu wa Bukoba mwenye sauti ya taratibu, akamuuliza kwa nini amekonda. Catheline akayatoa yote, hata ya wale waliomtazama. Adela alimwambia kwamba akili haijaliwa. Kifafa kinaweza kugusa kumbukumbu, ndiyo, lakini na hofu nayo ina sehemu yake: kichwa kinachokesha kikilinda hatari hakipati nafasi ya kuweka mambo mengine. Dawa asiache, na kila wiki aje wazungumze.

Alikwenda kila wiki. Kila jioni alikaa ufukweni, kwanza mbali, kesho yake karibu kidogo, akisikiliza makasia mpaka yakaanza kuwa makasia tu. Akirudi alimsimulia mama yake mambo ya siku nzima kwa mpangilio, akikwama anaanza upya.

Mwezi wa pili wa mazungumzo hayo alivaa kitenge chake cha njano, akapanda gari mpaka Kyela, na bodaboda mpaka Ngana. Hezroni alikuwa uani akigeuza kakao juani.

"Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukuambia nilichokuficha. Sikukukataa. Nilisahau."

"Mtu anasahau chumvi, Catheline. Hasahau kuposwa."

"Mimi nilisahau."

Akamweleza, kuanzia mtumbwini. Hezroni akaacha kakao, akaja kukaa karibu yake. Akamwambia basi yamekwisha, mke wangu, nitakupigia asubuhi, mchana na jioni, mambo yako yote nitayabeba kichwani mwangu. Aliyasema kwa huba, na mwanamke mwingine angelia kwa raha.

"Ndaga, mpenzi, asante. Lakini hapana. Ukinikumbusha kila kitu nitakuwa mwanao. Watoto nataka nizae, siyo niwe."

Hezroni akacheka bila kutaka. Kisha akakumbuka mjomba wake, mzee Ambilikile, aliyeapa kwamba lile benchi halikalii tena.

"Kamwombe," Catheline alisema. "Warudi. Wewe nitajie siku mara moja tu, halafu usinipigie mpaka mfike. Nikisahau tena, shika njia yako, sitakulaumu."

"Hilo siyo pendo, ni mtihani. Ukianguka, mimi ndiye nitakuwa nimekuachia uanguke."

"Nimeshaanguka pabaya zaidi. Nataka wanione nimesimama, na mimi nijione."

Wingu lilikuwa limeshuka toka milimani, na matone ya kwanza yakapiga bati. Wakaruka wote wawili, wakavuta turubai juu ya kakao, huyu upande huu, yule upande ule.

"Nitajie siku, Hezroni."

Hezroni alifunga kona ya turubai, akaifungua, akaifunga tena, siku iko mdomoni, akipima kama aitamke.