Gurudumu Lililobaki Kavu

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Edelmira Choquetarqui alitoka chini ya gari lake la mbio, uso umempauka. Mpira wa kupitisha mafuta ya breki wa gurudumu la mbele kushoto ulikuwa umekatwa nusu kwa kisu. Kwenye tambarare ungestahimili. Kwenye kona ya mteremko ungepasuka.

Sajini Nieves Ticona alifika bado anatafuna mkate. Katika miaka kumi na tisa ya upolisi hapa mjini Challapata, pua yake ilikuwa imevunjwa mara mbili. Ya tatu, alisema, anaitunzia ndoa.

"Mbio ni saa tatu, afande," Edelmira alisema. "Nisipotokea, chama cha mbio kinampa mwanamume nafasi yangu. Wanasema mwanamke mmoja tayari ni wengi."

"Basi usiguse kitu."

Ndani ya karakana pumzi zilitoka kama moshi. Magurudumu matatu yalikuwa yamemwagiwa bia, nayo imeganda, petali nyekundu zimenaswa kwenye barafu kama macho yasiyofumba. La nne, lenye breki iliyokatwa, lilikuwa kavu.

Siku ya mbio, baba wa ubatizo wa gari, yaani mlezi wake wa kimila, humwagia bia na petali za maua magurudumu yote manne ili Mama Ardhi asidai damu. Lakini hilo hufanywa saa mbili, watu wakishangilia. Halifanywi gizani.

"Alfajiri nilisikia mtu akiongea na gari," mlinzi Hilarión alinong'ona. "Akilibembeleza kama mtoto. Nikajua ni marehemu Rufo."

"Ukafanya nini?"

"Nikajifunika blanketi."

"Shujaa wangu!"

Rufo, dereva wa mbio, alifia kwenye kona ile ya mteremko miaka mitatu iliyopita. Funguo za karakana zilikuwa tatu: ya Edelmira; ya mpinzani wake Eulogio Calizaya, aliyelaza gari humohumo; na ya mzee Primitivo, baba yake Rufo na baba wa ubatizo wa gari la Edelmira.

Eulogio alihojiwa saa moja kasorobo.

"Ulisema mwanamke akikushinda utanyoa masharubu."

"Nilisema. Nayapenda masharubu yangu, siyo kiasi cha kuua."

"Na bia?"

"Mimi mlokole, afande! Niimwagie ardhi pombe? Mchungaji angeninyoa yeye mwenyewe."

Nieves alizitazama zile petali. Adui angekata breki akaondoka. Huyu alibariki matatu, kisha mkono ukamgomea.

Akamwita Primitivo, akampa chupa.

"Mzee, limebaki moja. Malizia."

"Nitamwaga saa mbili, mwanangu."

"Mwaga sasa."

Mzee aliinamisha chupa, kisha akaivuta nyuma. Bia ikamlowesha mikono. Hata tone halikufika kwenye gurudumu.

"Siwezi," alisema. "Ardhi inaniangalia."

"Ungeiombaje ilinde ulichokikata?"

Mzee aliiweka chupa chini, akalaza kiganja juu ya boneti.

"Injini hii ni ya Rufo. Nilimpa huyu binti nikidhani ataburuta mkia. Jumapili kwenye majaribio akawa wa kwanza. Mwanangu ananguruma humu ndani, watu wanaita jina la mwingine! Nilitaka kumrudishia injini yake. Konani pale pale."

"Na mimi nikiwa ndani, baba?" Edelmira aliuliza. "Mwaka mzima unakula mezani kwangu?"

Mzee alimnyooshea Nieves mikono afungwe pingu.

Eulogio alirusha mpira wake wa akiba wa breki. "Funga huo haraka, dada. Nataka nikushinde ukiwa hai."

Saa tatu na dakika kumi na moja, Primitivo alikaa na pingu ndani ya gari la polisi, sikio kwenye kioo. Ngurumo ya injini ya Rufo ilishuka mteremko, ikakaribia kona.

Gia ikashuka. Ngurumo ikapinda, ikanyooka, ikaenda zake.

"Rufo alichelewa kushusha gia hapo," mzee alisema taratibu. "Huyu hakuchelewa."