Sketi ya Mbili Juu ya Sita

Kila akitoka shule, Wakili huvua viatu mlangoni, hupenya katikati ya nguo zinazoning'inia, na kumsimulia mama yake, fundi cherehani, nani kashindwa kwa hoja siku hiyo. Jina la Wakili alipewa na wenzake darasani, maana msichana huyo hakuwahi kukubali jambo bila kesi.

Leo kesi ilikuwa ya hesabu. Mwalimu aliuliza nusu kujumlisha robo ni ngapi. Wakili akajumlisha moja na moja za juu, mbili na nne za chini, akapata mbili juu ya sita. Mwalimu akamkosesha na kumwambia afute. Akagoma. Amejumlisha namba zote bila upendeleo, kosa liko wapi? Mwalimu akacheka, akamwambia kesho asimame ubaoni awashawishi wenzake.

"Na nitawashawishi," alimwambia mama.

Mama hakubishana naye. Alikuwa na rundo la suruali za watu. Alimwonyesha kitambaa cha buluu mezani, kipande cha mwisho cha jora. Kilikuwa cha sketi ya Wakili mwenyewe, aivae Ijumaa akiongea kwenye mdahalo wa shule. Sketi inakula nusu mita, mama akaeleza, mkanda na mifuko robo mita. Ajumlishe, akate mara moja, na asiharibu kwa sababu kingine hakuna.

Wakili hakusita. Mbili juu ya sita ni theluthi. Theluthi ya mita ni kama sentimita thelathini na tatu. Akapima kwa utepe wa futi, akakata.

Mama alipotandika karatasi ya kipimo cha sketi juu ya kipande hicho, ilichomoza kama miguu ya mtu mzima kwenye kitanda cha mtoto.

"Mwanangu, ulikuwa na nusu. Ukaongezewa robo. Ukaishia na pungufu ya nusu. Nani kakupora njiani?"

"Futi yako imechakaa, mama."

Mama akampa futi nyingine, mpya. Nayo ikasema yaleyale. Macho ya Wakili yakalowa, lakini mama alipotaka kumweleza, alimzuia kwa mkono. "Usiniambie jibu."

Akachukua karatasi yenye urefu wa mita, akaikunja iwe sehemu nne sawasawa. Nusu ikameza robo mbili. Akaongeza ile robo nyingine: robo tatu. Akahesabu tena, akiwa amekasirika. Kumbe alikuwa akijumlisha vipande visivyolingana, kama mtu anayehesabu mikono pamoja na vidole.

Alishona mwenyewe, akiunganisha kipande alichokata na kile kilichobaki, ambacho nacho hakikufika nusu mita. Mshono ukapita juu kidogo ya magoti kama mkanda wa pili, na mfuko ukatosha mmoja tu.

"Bisha, sikukatazi," mama alisema akimshikia kitambaa. "Ila pima kabla ya kukata. Kitambaa hakisikilizi hoja."

Kesho yake Wakili aliandika ubaoni hesabu zote mbili, ya zamani na mpya, akawaomba wenzake waikatae ile ya kwanza, na kuwaonyesha sababu kwa karatasi iliyokunjwa. Mwalimu aliponyoosha mkono kuifuta, alimzuia. Ibaki, wengine wasije wakaharibu sketi.

Ijumaa, akipanda jukwaani, sauti ikatoka nyuma: "Wakili, mkanda umekushukia magotini!"

Ukumbi ukacheka. Wakili akageuka taratibu.

"Sketi ni nusu mita kamili," akasema. "Unabisha? Njoo na futi."

Hakuja mtu.