Walivyomzika Mtani Akiwa Hai

Kila asubuhi wasichana wa wodi ya kifua walitandika vitanda vyao, wakanawa, wakapanga foleni ya sindano. Hospitali yenyewe ilikuwa pembeni mwa mji wa Tabora, upande wa kuelekea Ipuli, enzi za Mwingereza. Mgonjwa wa kifua kikuu alikaa hapo miezi na miezi, mbali na mama yake. Baada ya sindano wote walitolewa barazani, wakae kwenye mikeka wapate hewa safi na kunywa maziwa. Kila mmoja alikuwa na kikombe chake cha bati na kopo lake la kutemea makohozi. Kuchangia vikombe kulikatazwa kabisa, na aliyethubutu alikiona cha moto.

Mkubwa wao alikuwa Bernadeta, mtoto wa wakulima wa Usinge. Ukubwa wake haukuwa wa umri tu, ulikuwa wa mdomo. Akicheka yeye, baraza zima lilicheka. Akinuna, wote walinuna. Pelagia ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, hata kabla hajajua kinachochekesha. Kabula, binti mdogo wa wafugaji wa Choma, alikuwa wa kutumwa: Kabula lete, Kabula shika, Kabula hebu tupishe.

Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Tatu, rafiki wa Bernadeta. Walikuja pamoja kutoka Usinge kwa treni moja, wakakohoa pamoja njia nzima. Asubuhi moja wasichana waliamka wakakuta kitanda kile hakina mtu na godoro limeanikwa juani. "Tatu amepona," wauguzi wakawaambia. "Amepanda treni, amerudi kwao." Hakuna aliyeuliza swali. Bernadeta alilitazama lile godoro, akaenda zake kulala akiwa ameelekea ukutani.

Siku chache baadaye kitanda kilipata mgeni. Jina lake Swaumu, binti wa Mabruki, fundi wa reli. Alikuwa mwembamba, mpole, na macho makubwa ya kuuliza uliza.

"Wewe kabila gani?" Bernadeta alimwuliza kabla hata hajaweka kifurushi chake chini.

"Baba yangu Mzaramo. Tumetoka Kisarawe."

Bernadeta alipiga makofi. "Haya! Sisi Wanyamwezi, na huyu Mzaramo. Mtani wetu! Na mtani, dada, hakasiriki. Umesikia? Ukikasirika huna adabu."

Swaumu alitabasamu. Kwao alizoea utani. Aliwahi kumwona baba yake akimwita mzee wa Kinyamwezi "mpagazi wangu," na yule mzee akimjibu "mtumwa wangu," kisha wakala sahani moja. Maskini, alidhani amepata ndugu.

Mchezo ulianza siku iyo hiyo. Wauguzi walipoingia ndani, Bernadeta alimlaza Swaumu chali mkekani, akamvuta shuka mpaka usoni. "Huyu amekufa," alitangaza. "Leo tuna msiba. Pelagia, lia!" Pelagia akapiga yowe, "Yuuwi! Mama weee!" Kabula akashika kijiti akawa anachimba kaburi hewani. Bernadeta mwenyewe alikuwa mtani wa msibani, yule anayeruhusiwa kumwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa. Alijikongoja, akakohoa kwa sauti ya Swaumu, akajitupa chini miguu juu. Walicheka mpaka wengine wakatema damu, nao hawakuacha.

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Birika la maziwa lilipofika, Bernadeta alikinyakua kikombe cha Swaumu akakificha chini ya godoro lake. "Maiti hanywi maziwa," alisema. Uji ulipofika, "Maiti hali." Swaumu alipolia walimwambia, "Maiti halii, wanaolia ni wafiwa." Alipotaka kumwita muuguzi, Pelagia alimnong'oneza sikioni, "Sema tu, uone. Mtani gani anayeshitaki?"

Na unajua kibaya zaidi ni nini? Baada ya muda hawakuhitaji kumnyang'anya kitu. Swaumu aliacha kula mwenyewe. Chakula kikija anajifunika shuka mwenyewe, uso na yote, na kulala kimya. Mbavu zikaanza kuhesabika. Daktari alipompima alitikisa kichwa, akamwambia Nesi Apolinaria, "Huyu mtoto asipokula, dawa yangu haina kazi. Tutampoteza."

Nesi Apolinaria alikuwa Mnyamwezi wa hapo hapo mjini, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Alikuwa amekwisha kuona shuka linavyovutwa, amesikia mayowe. Mchana ule aliwaketisha wote barazani duara, akamweka Swaumu katikati.

"Nani anamtesa huyu?" aliuliza.

"Hakuna, nesi," walijibu kwa pamoja, kama wanaitikia darasani.

"Na lile shuka usoni?"

"Utani tu, nesi," alisema Bernadeta. "Yeye Mzaramo. Mwulize mwenyewe."

Macho yote yakamgeukia Swaumu pale katikati. Alitazama magoti yake. "Ni utani, nesi," alisema.

Kikao kikaishia hapo. Nesi alipoondoka tu, walimzika Swaumu mara mbili mfululizo, na safari hii walimfunga na miguu kwa kanga. Siku iliyofuata alikataa hata maji.

Nesi Apolinaria aliuma midomo. Alikuwa amekosea, na hakuwa mtu wa kujidanganya. Kumweka mtoto katikati ya duara kulikuwa sawa na kumlaza tena chini ya shuka. Basi akaanza kuchungulia kutoka mlango wa stoo ya dawa, na akaona jambo. Mchezo haukuanza ovyo. Ulianza kila Bernadeta aliposhikwa na kikohozi kirefu, kile cha kumkunja kama upinde. Akimaliza kukohoa, anajifuta midomo, anatazama kitanda cha dirishani, kisha anaita: "Leteni shuka!" Na Pelagia alicheka huku naye akikitazama kitanda kile kile.

Akawaita tena. Mara hii alimketisha Swaumu ubavuni mwake, bega kwa bega, na katikati ya duara hakuweka mtu.

"Leo sheria ni moja," alisema. "Kila mtu atasema habari zake mwenyewe. Sitaki kusikia jina la mwenzako kinywani mwako. Na hakuna wa kuondoka mpaka niseme."

Jua likasogea juu ya mikeka, kunguru wakagombana juu ya bati. Bernadeta alitoa kicheko kimoja, hakuna aliyekipokea, kikafa. Hata Pelagia hakucheka.

Ndipo Kabula, yule wa kutumwa, akafungua mdomo. "Mimi naogopa kukohoa," alisema. "Naziba mdomo kwa blanketi. Nesi... Tatu yuko wapi?"

Nesi Apolinaria alivuta pumzi. Jibu la kudanganya alikuwa nalo tayari, lilikuwa limekwisha tumika.

"Treni ya Kigoma haikupita siku ile," alisema Bernadeta. "Sisi wa Usinge tunazijua siku zake. Mlisema amepanda treni. Treni gani? Treni gani, nesi?"

"Hakukuwa na treni," alisema Nesi Apolinaria. "Tatu alifariki. Baba yake alikuja kumjulia hali, akatukuta tunamwosha. Tulimzika hapa hapa mjini. Tuliwadanganya, wanangu. Tulidhani mkijua mtakata tamaa."

Jamani, habari ile! Pelagia aliyezoea kulia kwa mchezo alijaribu kulia kweli, sauti ikakataa kutoka. Bernadeta hakulia. Alisimama akapiga nguzo ya baraza kwa ngumi mpaka mkono ukachubuka.

"Nilijua!" alisema. "Nilijua, na kila nikikohoa nasema sasa zamu yangu. Halafu huyu akaletwa akalazwa pale pale. Nikasema basi, kitanda kimepata mtu wake. Kimchukue yeye kiniache mimi! Akifa yeye, sisi tutapona."

Hayo aliyasema mbele ya Swaumu, bila kupepesa macho. Na wote pale walijua kwamba kila mmoja alikuwa amewaza hivyo hivyo.

Nesi hakumkemea. Alimgeukia Swaumu. "Na wewe mwanangu? Habari zako."

"Mimi nilikubali," Swaumu alisema polepole. "Mlinizika kila siku mpaka nikaona nimekufa kweli. Nawachukia wote. Hata huyu mdogo mwenye kijiti."

Kabula akajificha nyuma ya Pelagia. Swaumu akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. "Nesi, alipozikwa huyo Tatu, mtani alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Mzaramo hata mmoja?"

"Hata mmoja. Babu yangu alikuwa mpagazi," alisema Nesi Apolinaria, "alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani. Alisema aliyeanguka njiani, mtani wa Kizaramo ndiye aliyemchimbia kaburi, kisha akawachekesha wenzake ili wapate nguvu ya kubeba mizigo yao tena. Tatu hakupata mtu wa namna hiyo."

Swaumu akasimama, ameshika ukuta. Aliliokota lile shuka alilozikwa nalo, akajifunga kiunoni, akatoa kifua mbele kama Bernadeta.

"Wanyamwezi wachafu!" aliita. "Msiba wenu hauna hata mtani, mnakula nyama peke yenu! Na huyo Tatu wenu mchoyo, kaniachia kitanda, kunguni wote kawaacha humo humo! Na mimi sasa ni Bernadeta, mtemi wa wodi ya kifua. Nikikohoa, kuku wa Ipuli wanahama!" Akakohoa kikohozi kile kile cha kukunjika, akapepesuka, akatembea kwa maringo yale yale.

Wa kwanza kucheka alikuwa Bernadeta. Alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akakaa chini akalia kwa kelele, akimwita Tatu kwa jina. Na wengine wote wakalia naye, kilio cha kweli cha msiba.

Birika la maziwa likafika. "Mtani hafanyi kazi bure," alisema Swaumu, akihema. "Nataka ada yangu. Nataka fungu la Bernadeta, na nataka limiminwe katika kikombe changu."

Bernadeta aliingia wodini, akakitoa kikombe chini ya godoro, akakisugua kwa majivu na maji ya moto kama walivyofundishwa, akakileta kwa mikono miwili. Swaumu akayanywa yale maziwa yote mbele yake. Hakumbakizia hata tone, wala hakumwambia asante.

"Sikilizeni," alisema Nesi Apolinaria. "Utani una pande mbili. Mtani anakutania, nawe unamtania; anakucheka, lakini siku ya msiba anakuja na jembe. Ukiwa wa upande mmoja, huo ni uonevu, hata ukiuita jina zuri. Kundi likiwa na hofu hutafuta mmoja wa kumbebesha, na wanaocheka pembeni wamebeba lawama sawa na anayevuta shuka. Na sisi wakubwa tuliwanyima ukweli, mkautafuta kwa njia mbaya. Kuanzia leo mkiuliza, mtajibiwa. Na tutakaa hivi kila siku, hata siku ambayo hamtaki."

"Mtani umeninywea maziwa yangu," Bernadeta alinung'unika, akijifuta kamasi.

"Usijali. Ukifa nitakuja kukucheka," Swaumu alimjibu. "Ukipona, utanilipa kuku."

Alasiri ile Bernadeta alishikwa tena na kikohozi chake kirefu. Alikunjika, akajifuta midomo, akatazama kitanda cha dirishani. Shuka lilikuwa limekunjwa miguuni pa Swaumu, na hakuna aliyelivuta.