Mashine Isiyojua Salamu

Speciosa, ambaye majirani humwita Mama Espoir, anakamua mawese huko Minago pamoja na mume wake, Pontiani. Pontiani alipovunjika mguu, kazi yote ilimwangukia yeye. Mikono imejaa mafuta, simu inalia, ujumbe wa wateja unalala bila jibu.

Jirani yake Elda, mwalimu wa kompyuta, alimwonyesha njia. Kwenye simu unachora visanduku. Ndani ya kila kisanduku unaandika maneno yako. Mishale inaonyesha mazungumzo yaende wapi. Kisha mashine inawajibu wateja yenyewe.

"Mimi sikusomea mambo hayo, mwalimu."

"Kwani kuuliza maswali kunataka diploma? Unauza mafuta mwaka wa kumi huu!"

Speciosa akachora visanduku viwili, kimoja cha idadi ya madumu, kingine cha siku: "Unataka bidoni ngapi?" na "Utazichukua siku gani?" Akajisifu kidogo.

Siku ya tatu Lukeba wa Gatete alifika kwa pikipiki, amefura. Huyu hutengeneza sabuni, na nusu ya mafuta yao hununua yeye.

"Mama Espoir, nimekukosea nini? Nakuandikia amahoro kukusalimu, unaniuliza bidoni ngapi. Nauliza, mguu wa muzee iko aje? Bidoni ngapi! Kesho nanunua Bugarama. Kule watu wanasalimiana!"

"Si mimi, kaka. Ni mashine."

"Basi mashine yako haikulelewa!"

Speciosa alimsihi angoje, akamwita Elda.

"Mashine inajua ulichoifundisha tu," Elda alisema. "Tuijaribu kwa midomo. Kaka Lukeba, sema kama muteja. Mama Espoir, soma visanduku tu, usiongeze neno."

"Amahoro, mama," alisema Lukeba.

"Unataka bidoni nga..." Speciosa akajiziba mdomo. Pontiani alicheka mpaka akaushika mguu wake.

Wakaanza upya. Kisanduku cha kwanza kikawa: "Amahoro! Karibu. Mimi ni mashine inayomsaidia Speciosa." Bidoni zikafuata, kisha siku. Mwishoni Elda akachora mshale mmoja zaidi.

"Swali lisilo na kisanduku, mshale huu unalileta kwako. Mashine isibahatishe."

Lukeba aliondoka bila kuahidi kitu.

Asubuhi akaandika amahoro. Akajibiwa vizuri. Akaulizia mguu.

"Hilo atakujibu Speciosa mwenyewe," mashine iliandika, na simu ya Speciosa ikalia.

Speciosa alijifuta mikono kwa kitenge, akampigia. "Anatembea kwa fimbo sasa, kaka. Murakoze, asante kwa kumuulizia."

Kabla Speciosa hajafika kwenye mtambo wake wa kukamulia, Lukeba alikuwa ameandika tena: bidoni kumi na mbili, Ijumaa. Safari hii simu haikumwita. Mashine ilijibu, na yeye akarudi kukamua.