Mita Moja na Nusu ya Ukweli

Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi duka la Wahiba pale Tegeta lilifurika. Wanawake walipigana vikumbo katikati ya magauni, feni ilizunguka bila kupoza chochote, na singeli ya duka la jirani ilitikisa mpaka vioo. Mbele ya kioo kikubwa alisimama mwalimu Benedicta, amejisokomeza ndani ya gauni la njano lenye marinda matatu, akijiandaa kwa sendofu ya mdogo wake.

"Limekutoa, dada!" Wahiba alimwambia kwa ile sauti yake ya asali. "Utadhani fundi alilishona huku anakuwaza wewe."

Benedicta hakuridhika. Akamgeukia kijana mrefu aliyesimama mlangoni akisubiri kulipia mtandio wa mama yake. "Kaka yangu, hebu sema wewe."

Kijana akamtazama, akainamisha kichwa, akatazama tena. "Linakubana kwapani, dada. Na hiyo njano inakufanya uonekane kama mtu aliyetoka kulazwa. Lile la zambarau pale ndilo lako."

Wahiba alitamani kumtwanga na hanga. Lakini Benedicta alivaa la zambarau, akajigeuza mara tatu, akalichukua, na viatu juu yake.

"Unaitwa nani, we mharibifu wa biashara?" Wahiba aliuliza akikunja mtandio.

"Azzam. Ni mpima ardhi. Samahani, sista, mbona umepaka wanja jicho moja?"

Wahiba alikimbilia kioo. Ni kweli! Tangu asubuhi alikuwa amehudumia watu zaidi ya ishirini, wote wakimwita mrembo, na hakuna hata mmoja aliyemwambia.

Jioni ile ile Wahiba akamtumia ujumbe wa kumshukuru, kwa namba ya simu aliyolipia mtandio, na ujumbe ukazaa simu. Mwanaume wa mwisho kumwita Wahiba laazizi alikuja kugundulika ana mke Tanga, tena mke mwenye ujauzito. Kwa hiyo maneno matamu aliyaogopa, ingawa yeye mwenyewe aliyauza kutwa nzima. Azzam alikuwa kitu kipya.

"Umenimisi leo?" Wahiba alimuuliza siku moja kwenye simu.

"Asubuhi hapana, nilikuwa kazini. Kuanzia saa saba mchana, sana."

Wahiba alicheka mpaka akakaa chini.

"Na wewe, Wahiba, unanipenda?"

"Mh! We nawe!"

Kila alipoulizwa alijibu hivyo hivyo, na Azzam hakuwahi kulalamika.

Mama yake Wahiba, Bi Ibtisam, alipohadithiwa alitabasamu. "Huyo mnyofu, mwanangu. Moyo wake mweupe. Lakini mfundishe, hata ukweli unabisha hodi kabla ya kuingia."

Baba yake, Mzee Hudhaifa, aliyeuza vipuri miaka thelathini, akataka kumwona kijana huyo. Akaalikwa chakula cha Ijumaa nyumbani kwao Boko. Wahiba alimpigia simu mara nne kabla hajafika.

"Kwa baba ni kusifia tu, mpenzi. Sifia biriani, sifia nyumba, sifia paka."

"Na kama paka mbaya?"

"Azzam!"

Alikuja amependeza, kanzu nyeupe imenyooka kwa pasi, kofia ya viua imekaa barabara. "Shikamoo, mzee." Mzee Hudhaifa aliipokea shikamoo kwa furaha na kumtembeza uani mpaka kwenye ukuta wa uzio, akaugonga kwa kiganja.

"Huu nimeusimamia mwenyewe, tofali kwa tofali. Wewe mtaalamu, unauonaje?"

Wahiba, aliyekuwa nyuma na sinia la biriani mikononi, alimtolea Azzam macho.

"Imara sana, mzee. Kazi safi."

Wahiba akashusha pumzi.

"Ila umeingia kwa jirani mita moja na nusu. Bikoni, lile jiwe la mpaka, ile pale, huku ndani kwenye michongoma yako."

Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na Mzee Alfonsi, jirani aliyebishana na Mzee Hudhaifa juu ya mpaka huo kwa miaka tisa. Sauti yake ikapaa: "Rudia, kijana! Rudia kwa nguvu!"

Azzam akadhani mzee wa watu hakusikia. Akarudia kwa nguvu.

Biriani ililiwa kimya kama chakula cha msibani. Mgeni alipozungumziwa jikoni baadaye, Mzee Hudhaifa alipiga meza. "Yule si mkweli, yule ni mropokaji!"

"Si ulimuuliza mwenyewe?" alisema Bi Ibtisam.

"Nilimuuliza ukuta! Sikumuuliza mpaka!"

Getini nako hakukuwa na usalama. "Ungekufa kama ungesema kazi safi ukaishia hapo?" Wahiba alifoka, machozi yakimlenga. "We zuzu kweli!"

Azzam alibadilika uso. "Wameniitaga mkweli, mshamba, hata mropokaji, sijali. Zuzu ni mtu asiyejua. Mie nilijua kwamba mzee ataudhika. Ila niliogopa kumwanza baba mkwe kwa uongo."

Akaondoka. Wahiba alipopiga jioni, simu iliita mpaka ikachoka. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki mbili zikapita. Dukani aliendelea kusema "limekutoa, dada", lakini maneno yalimtoka makavu kama muhogo wa jana, na wateja wakaanza kumuuliza kama anaumwa.

Asubuhi moja baba yake alimwita uani. Alikuwa na futi ya kamba mkononi. "Shika huko mwisho."

Wakapima kutoka kwenye bikoni mpaka ukutani. Mita moja na nusu, bila pungufu.

"Kumbe ulikuwa hujui, baba," Wahiba alisema kwa upole.

Mzee alikaa juu ya tofali. "Nilijua. Fundi aliniambia siku ya msingi, nikamwambia afunge mdomo. Miaka tisa, kila nikimsalimia Alfonsi ulimi unakuwa mzito. Zuzu nilijifanya mie." Akajikuna ndevu. "Naubomoa. Kaniitie yule mropokaji." Akaikunja futi. "Yule mkweli."

Wahiba hakupiga simu. Alivaa dera la samawati, akachukua bajaji mpaka Mbezi Beach, kwenye viwanja alikosikia Azzam anapima. Alimkuta kwenye jua kali, buti zimejaa vumbi, jicho limegandana na darubini ya kupimia, wenzake watano wakishika nguzo na kamba.

"Azzam!"

"Toka hapo! Umesimama kwenye mstari wangu."

"Sitoki!" Wale watano walikuwa wameacha kazi wanamtazama. "Umeniuliza mara ngapi kama nakupenda, nami nakujibu we nawe? Nakupenda. Nilikuita zuzu kwa sababu niliogopa baba atakukataa, nami sina mwingine ninayemtaka. Nisamehe. Uje unioe."

Azzam aliinua kichwa. "Ngoja niandike hii namba, nisije nikaisahau."

Akaandika. Namba yenyewe ilibidi aifute mara mbili.

"Sikupokea simu kwa sababu nilikuwa na hasira," alisema akimsogelea. "Zimeisha tangu Jumatatu. Juzi nikaenda kwa ami yangu, tunakuja kwenu kuleta posa Ijumaa."

"Ijumaa hii? Mbona hukusema?"

"Hujaniuliza, laazizi."

Wahiba akampiga kibao cha begani. Wale watano wakapiga makofi.

Posa ikaja. Sebuleni Boko walijaa wanaume wenye kanzu, na katikati yao Mzee Alfonsi, mgeni wa heshima tangu ukuta ubomolewe, suti yake ya harusi imembana. Wanawake walikuwa chumbani nyuma ya pazia. Bi Ibtisam alimnong'oneza binti yake: "Baba yako atakuuliza. Wewe unainama na kunyamaza tu. Kimya cha mwali ndiyo ridhaa."

Wahiba aliinama.

Mzee Hudhaifa akaja mpaka kwenye pazia, akakohoa. "Mwanangu Wahiba, amekuja kijana anaitwa Azz..."

"Ndiyo!"

Sebule ililipuka kwa kicheko, Alfonsi akiwashinda wote.

"Mtoto wewe, sijamaliza kuuliza!"

"Maliza tu, baba," Wahiba alisema. "Jibu ni hilo hilo."