Kontena la Mzee Mwaro

Harufu ya ugoro ilianza siku ile ile Kambi alipoiwasha seva yake. Nyumbani kwao Kikambala hakukuwa na mtu wa kunusa ugoro tena, tangu mzee Mwaro, babake, azikwe. Pamela, mkewe, alifungua madirisha, akafua mapazia, na harufu ikabaki pale pale penye meza ya mashine.

Seva yenyewe ilikuwa kompyuta kuukuu iliyotupwa na hoteli moja. Kambi, mtu wa kujifanya fundi wa kila kitu, alikuwa amechoka kuweka mambo ya familia yake kwenye kompyuta za watu asiowajua. Aliamua kuyaweka kwake mwenyewe: picha, video, na sauti za marehemu alizorekodi mzee akiwa mgonjwa. Kila programu aliifungia ndani ya kontena lake, kama chumba chake cha pekee ndani ya mashine, na kila kontena lilitaka jina. Lile la sauti aliliita Mwaro. Alimpenda babake mno, hakuona kosa.

Kosa alionyeshwa na Pamela, aliyekuwa na mimba kubwa.

"Hilo jina ni la mtoto," alimwambia. "Wewe ni Mgiriama, wajua. Mwana wa kwanza ndiye humrudisha babu yake. Sasa umempa nani?"

Kambi alicheka, akasema mashine haina roho. Alasiri hiyo feni ya seva ilizunguka polepole, ikasita, halafu ikakohoa kikohozi kile kile cha mzee, kizito, cha kumalizikia kwa kuguna. Tangu saa hiyo mtoto akaacha kucheza tumboni.

Kambi akalifuta lile kontena. Aliporudi kutoka jikoni alilikuta linafanya kazi, na jina ni lile lile. Akalifuta tena, akazima mashine, akaung'oa waya ukutani, na bado harufu ya ugoro ikazidi, ikamfuata hadi chumbani alikolala Pamela ameshika tumbo, ikatua kitandani kama mtu aliyechoka anayetafuta pa kukaa, na Kambi akaogopa hata kumwita mkewe kwa sauti.

Wakamleta Chengo, mganga wa Marafa. Akanusa, akaizunguka meza ya mashine. Koma ya mzee, roho yake, ilikuwa njiani kuja kwa mtoto, alieleza, ikasikia jina lake likiitwa kwingine, ikaingia huko. Ikimwagiwa tembo la mnazi na kuombwa radhi itatoka, lakini kila chenye sauti ya marehemu lazima kichomwe.

Waliichoma seva uani. Tembo likamwagwa, Kambi akapiga magoti akaomba radhi, na pale pale Pamela akashika tumbo. Mtoto alikuwa amepiga teke.

"Vyote vimeungua?" Chengo aliuliza.

"Vyote, mzee."

Kambi alidanganya. Kabla ya moto alikuwa amenakili sauti kidogo tu kwenye flashi, akaitia mfukoni. Hakuweza kumzika babake mara ya pili.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume. Hakulia. Wauguzi walimgeuza, wakampigapiga mgongo. Akapanua kinywa, mishipa ya shingo ikamtoka, sauti isije. Daktari akasema wangoje.

Walipomleta nyumbani, Pamela alimpakata, akamwita kwa mara ya kwanza, taratibu.

"Mwaro."

Mtoto akapanua kinywa. Ndani ya kabati, mfukoni mwa suruali ya Kambi, kwenye ile flashi, kichanga kikaanza kulia.