Mbishi Hahami

Ukumbi wa chuo kikubwa ulijaa suti na manukato siku kampuni ya washauri wa biashara ilipokuja kutafuta vijana. Mbishi, jina alilopewa na shangazi yake na wala hakulionea haya, aliingia na gauni la njano lililopigwa pasi mara mbili. Mezani alikaa mwanafunzi mmoja mtanashati, viatu vinang'aa utadhani vioo.

"Dada, chuo chako hakimo kwenye orodha."

"Kwani orodha ni msahafu, haiongezwi?"

Mtanashati akacheka, akamwandika. Kampuni haikumwita Mbishi. Mtanashati ndiye aliyempigia simu, leo, kesho, kesho kutwa, mpaka shangazi akauliza kama ile simu imeota mizizi sikioni.

Baada ya miezi sita ya "laazizi" na utani, wimbo ukabadilika.

"Mpenzi, hamia chuo chetu. Kampuni zile haziangalii kichwa, zinaangalia jina la chuo."

"Nikihamia narudia miaka miwili. Na mafundi wangu je?"

Mafundi hao walikuwa wanawake saba wa karakana ya shangazi, washonaji wa sare za shule. Mbishi alikuwa akiwapanga upya: huyu akate, yule ashone, mwingine vifungo, badala ya kila mmoja kuhangaika na nguo nzima huku wateja wakinuna mlangoni.

"Mafundi tu hao, mpenzi. Si ushauri wa kampuni."

Jumamosi moja Mbishi akamfuata Mtanashati chuoni kwake bila taarifa. Akamkuta anawaambia rafiki zake: "Mchumba wangu? Anasoma hapa hapa."

"Hapa wapi?" Mbishi akauliza nyuma yake. "Uvunguni mwa kitanda chako?"

Wiki tatu Mbishi hakupokea simu zake.

Ijumaa, siku ya mwisho ya fomu za kuhama, Mtanashati akatokea karakanani, fomu kwapani, jasho likimtiririka. Cherehani zote zikanyamaza kwa pamoja, eti bahati mbaya.

"Nisamehe. Niliogopa kuchekwa."

"Kuchekwa kwa ajili yangu?"

"Ndiyo. Na sasa ninajionea haya mwenyewe. Fomu hii, amua wewe."

Mbishi akaipokea, akaigeuza upande mweupe, akampa shangazi. "Karatasi ngumu, nzuri. Chorea kola." Akamgeukia mwanamume. "Sihami. Watu wa kampuni wakitaka kujua ninachoweza, waje wawaulize wanawake hawa. Wasipokuja, nitakuwa mshauri bila wao."

"Na mimi?"

"Hujafukuzwa. Ila waambie rafiki zako ninasoma wapi. Sasa hivi."

Mtanashati akatoa simu, akawapigia. "Sikieni! Mchumba wangu anasoma chuo kidogo nyuma ya stendi, hahami, na nikikubaliwa nitamuoa huko huko!"

Mbishi akauma mdomo asicheke.

"Rudia, mwanangu," shangazi akasema. "Wa vifungo hajasikia vizuri."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.